Mwalimu na Jina la Yule Mwanamke

Wauza nguo wa soko la barabara ya Guangyuan Xilu, kule Guangzhou, China, walimwita Laoshi, ndiyo mwalimu kwa lugha yao, na mimi nikamwita Mwalimu. Alikuwa mzungu mrefu, mabega yameanza kupinda, nyusi nyeupe zimesimama kama za mtu aliyeshtuliwa usingizini. Mwezi wa saba, Guangzhou nzima inapochuruzika jasho, yeye yumo ndani ya koti la sufu. Ukimwuliza, atakwambia anasubiri mvua, na kwa kuwa mvua ya kule haikosi, jioni atakutazama kwa jicho la mshindi.

Aliyenigundulia mtu huyu ni shangazi yangu. Shangazi alikuwa akitoka Dar es Salaam kwenda kununua jeans na nguo za watoto, miaka ile ya mwishoni mwa tisini ambapo Waswahili wa Guangzhou walikuwa bado wachache na kila mmoja anajua mwenzake amelala wapi. Mimi nilikuwa Uskoti, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, nasoma Kigaeli, lugha ya kale ya visiwa vya kule, iliyobakiwa na wasemaji wachache. Usiniulize sana msichana wa Unguja aliangukiaje huko. Nilikwenda kusoma historia, ratiba ikabaki na nafasi moja, darasa lililokuwa na viti vitupu likawa la Kigaeli, na nilipozinduka nilikuwa nimeshapenda. Nyumbani walizipokea habari hizo kama za ugonjwa. Shangazi peke yake ndiye aliyeuliza lugha yenyewe inasikikaje. Nilipomsemea sentensi mbili tatu kwenye simu akasema kuna mzungu mmoja sokoni kwao ambaye akigongwa na mkokoteni hutukana hivyo hivyo.

Ndivyo nilivyofika China. Tasnifu yangu ilihusu nyimbo za kazi za wanawake wa visiwani, na msimamizi wangu alikuwa amenibana: nimpate msemaji aliye hai, nirekodi walau wimbo mmoja ambao hakuna aliyewahi kuurekodi, la sivyo nitakuwa nimenakili vitabu vya wenzangu. Huko visiwani kwenyewe watafiti walishapita mlango kwa mlango mpaka wazee wakachoka kuwafungulia. Mimi nikaenda kumtafuta mzee wangu Guangzhou. Shangazi alinikatia tikiti kwa sharti kwamba asubuhi nitamtafsiria kwa Kiingereza mambo ya oda zake, mchana ni wangu.

Siku ya kwanza nilimsalimia kwa Kigaeli katikati ya marobota ya nguo, wapagazi wakitupigia kelele tuwapishe. Hakushangaa hata kidogo. Aliniuliza mimi ni wa nani. Hakuuliza jina langu. Nikamjibu kama ninavyomjibu mzee yeyote wa mtaani kwetu, baba fulani mwana wa fulani, mama binti fulani, mpaka nikaishiwa. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kana kwamba wote anawajua na hana ugomvi nao, tukaenda kunywa chai.

Yeye mwenyewe ukimwuliza ni wa nani, hapo ndipo utakapochoka. Mara baba yake alikuwa fundi viatu, mara mchungaji wa kanisa, mara hakuwa na baba. Alivyofika Guangzhou na alivyobaki huko nako kulikuwa na hadithi tele, na hakuna mbili zilizofanana. Nikaacha kuuliza. Mtu aliyejua koo za kisiwa kizima hakutaka kabisa kusema habari za ukoo wake, na nadhani jambo hilo lilimfurahisha.

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha Kiingereza wasichana wa vibandani. Mchana, biashara ikipoa, walikusanyika nyuma ya duka moja la jeans, wakaketi juu ya marobota, naye akasimama kati ya sanamu za kuvalishia nguo akawafundisha. Kwa sababu hiyo Kiingereza cha upande ule wa soko kilikuwa cha Uskoti tupu. Wakikubali bei walisema "ai", ndiyo ya Waskoti, badala ya "yes" ya Waingereza, na Shangazi kwa muda mrefu alidhani ni Kichina, akawa analitumia hata akienda Xintang kwenye viwanda vya jeans, ambako hakuna aliyemwelewa.

Jumapili hakufundisha. Hakufua, hakunyoa, na redio ikiwashwa alitoka nje. Nikadhani nimepata mcha Mungu. Akaniambia Mungu hamwamini tangu ujanani, ila anamwogopa mama yake, na mama yake ameshakufa kwa hiyo hakuna wa kumwomba ruhusa. Jumatatu alirudi kwenye mahjong, mchezo wa vigae wa Kichina, na akina mama wa jengo lao, na alikuwa akiiba vigae waziwazi, bila aibu, wao wakimpiga viganja na kucheka. Lakini Ijumaa nikichelewa kuinuka, ni yeye aliyenisukuma mlangoni niwahi msikitini. Alikuwa mkali kwa dini za watu wote.

Mkewe alikuwa mama mfupi aliyestaafu kiwandani. Nilimwita Ayi, jina wanalowaitia huko akina shangazi. Nyumbani walizungumza Kikantoni, na Mwalimu alikizungumza kwa kasi, ingawa Ayi alidai anasikika kama mtu anayetafuna. Kigaeli hakuwahi kumfundisha. Nilimwuliza sababu, akaniambia lugha ile aliifunga alipoondoka kwao, na asingeweza kuifungua nusu. Miaka yote ile hakuwa na mtu wa kusema naye. Nilipokuja mimi akawa anasema mpaka sauti inamkauka, Ayi amekaa pembeni anamenya machungwa, anatutazama kama mtu anayetazama mpira asiojua sheria zake.

Nyimbo nilizozifuata ni za ubaoni, na lazima nieleze ubao ni nini. Kule kwao kitambaa cha sufu kikitoka kwenye kitanda cha mfumi huwa bado kimelegea. Zamani wanawake walikilowesha, wakauzunguka ubao mrefu, wakawa wanakipigapiga na kukisukumiana mpaka kikaze. Mmoja alitoa wimbo, wengine wakapokea, na mikono ikafuata wimbo. Wanaume hawakuruhusiwa. Mwalimu alizipata nyimbo utotoni akiwa amejikunyata chini ya ubao, maji ya sufu yakimdondokea kichwani.

Alikuwa na desturi moja, na sijui kama ilikuwa ya kisiwa kizima au yake peke yake. Hakuimba wimbo kabla ya kutaja aliyempa. Huu nimepewa na fulani, mke wa fulani, wa nyumba ya juu ya kisima, naye alipewa na mama mkwe wake, fulani. Alitaja yote hayo amesimama, mikono imeshuka, kisha ndipo anakaa na kuimba. Kinasa sauti changu kilijaa majina ya wanawake kuliko nyimbo. Nami nilifurahi, mpaka nilipopeleka orodha kwa msimamizi nikajibiwa kwa faksi kwamba zote zimesharekodiwa, tena kwa sauti nzuri zaidi.

Ulibaki mmoja. Nilimsikia akiuimba chinichini siku moja akifunga kamba za viatu, mstari wa kwanza tu: bibi harusi anasema atawataja waliokuja harusini kwake, na mwishoni mmoja ambaye hakuja. Nikamwomba uliobaki. Akafunga kiatu cha pili. Nikaupeleka mstari ule Uskoti, na faksi iliyorudi ilikuwa na maneno machache: haupo popote, usirudi bila huo. Basi tasnifu yangu yote ikaning'inia kwenye wimbo mmoja uliokuwa kifuani mwa mzee mmoja.

Naye hakuuimba, kwa sababu jina la mwanamke aliyempa lilikuwa limemtoka.

Alimkumbuka mwanamke mwenyewe. Alikumbuka alama ya moto mkononi, mbwa wake mwenye sikio moja, mkate uliopakwa siagi na kunyunyiziwa sukari, namna alivyoziba mdomo akicheka kwa kuwa meno ya mbele hayakuwapo. Jina tu ndilo lililokosekana. Nikamwambia aimbe, huenda jina litakuja lenyewe njiani.

"Nikiimba bila kumtaja nimemwibia," alisema. "Ulikuwa ubaoni kwake. Mimi nilikuwa chini."

Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana nimelelewa hivyo hivyo. Ustadhi wetu wa chuo cha Kurani hakukubali umsomee hadithi ya Mtume kabla hujataja fulani kapokea kwa fulani, fulani kwa fulani. Ukiruka mtu mmoja aliinua kidole na ukarudi mwanzo. Hayo ndiyo yaliyoniumiza. Ningekuwa Mzungu wa mjini ningemwona mkaidi, nikamzunguka. Mimi nilimwona yuko sawa, na huku yuko sawa mimi nazama.

Msimamizi wangu hakuona tatizo. Alinielekeza niandike kwamba aliyeutoa hajulikani, jambo la kawaida katika kazi hizi. Nikamsomea Mwalimu faksi ile.

"Hajulikani na nani?" aliuliza. "Mimi namjua."

Shangazi naye alikuwa na dawa yake. Pale sokoni nguo hutoka kiwandani haina jina. Laoban, yaani tajiri wa duka, hukufungulia droo ya lebo, za Italia, za Marekani, za miji ambayo hata haipo, unachagua, na kesho yake mzigo wako wote umeshonwa lebo.

"We mtoto unajitesa," Shangazi aliniambia tukiwa tunafunga mzigo. "Mshonee lebo. Sema anaitwa Mary, basi. Kisiwa kizima hicho kitakosa Mary?"

Kwa kuwa Shangazi si mtu wa kuishia kwangu, alimfuata Mwalimu mwenyewe akamweleza kwa Kiingereza chake cha biashara. Mwalimu alicheka mpaka akakaa juu ya robota. Alipomaliza kucheka alimwuliza kwa utaratibu: kama kontena linaondoka leo na jina la mama yake limepotea, angekubali mama yake aandikwe jina lililopo kwenye droo? Shangazi akageukia mzigo wake. Tangu siku ile kila baada ya sala nilimsikia akimwombea: Mola amkumbushe mzungu wa watu.

Nami sikukaa bure. Nilichimbua majina ya wanawake wa visiwani kutoka kila kitabu nilichokuwa nacho, nikawa namtajia moja moja, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli la jirani. Alilichukua kila jina, akalisema taratibu, akalizungusha mdomoni, kisha akatikisa kichwa. Mengine yalimletea watu wengine, na watu hao wakaja na visa vyao, na visa vilikuwa vitamu, nikavirekodi vyote kwa uchungu. Yule aliyetakiwa hakuja.

Halafu Kiingereza kikaanza kumtoka.

Mara ya kwanza tulicheka. Alisimama mbele ya wanafunzi wake kama kawaida, akafungua mdomo, na somo zima likatoka kwa Kigaeli, tangu salamu mpaka kazi ya nyumbani. Wasichana wakamfuatisha neno kwa neno, kwa utiifu, wakidhani hicho ndicho Kiingereza cha daraja la juu. Mwalimu alipotoka, msichana mmoja alinifuata akaniuliza kama Wamarekani husema hivyo. Nilimwambia Mwalimu leo amechoka. Nilikuwa nimesimama pale pale nyuma, ningeweza kumkatiza, na sikujua nimkatize nikisema nini.

Wiki zilizofuata haikuchekesha tena. Alisahau njia ya kurudi kutoka sokoni, wapagazi wakamleta juu ya mkokoteni, ameketi ameshika kofia yake, anawapungia watu. Ayi alimpeleka hospitali, daktari akasema ni uzee, akampa vidonge vya kulalia. Duka la jeans likapata mwalimu mwingine, kijana wa chuo mwenye Kiingereza cha redioni.

Siku moja Ayi alinipigia simu kwenye hoteli tuliyopanga. Kichina changu ni cha sokoni, bei na rangi na hakuna, lakini nilielewa kwamba niende. Nilimkuta Mwalimu ameketi kitandani, anasema jambo moja tena na tena, mkewe mbele yake ameshika huku kikombe, huku blanketi, huku kopo la kukojolea, hajui ampe lipi. Alikuwa anaomba maji. Nikamwambia Ayi, maji. Akampa, akanywa, na yule mama akaniangalia. Ameishi na mtu huyu maisha yake yote ya utu uzima, na sasa kujua kwamba ana kiu anamhitaji msichana wa Unguja. Nikamfundisha neno la Kigaeli la maji, la njaa, la baridi, la maumivu. Aliyarudia kwa bidii, akiyaandika kwa herufi zao pembeni ya kalenda.

Nikiri kwamba katika siku zile nilikuwa na kinasa sauti mkobani kila mara. Nilimpenda yule mzee, na nilitaka wimbo wake, na sikuweza kuvitenganisha. Nilimpangusa mdomo huku nasikiliza kama anaimba kitu chinichini.

Mwaka mpya wa Kichina ukaingia. Soko likafungwa, wapagazi wote wakaenda kwao, milango ya mabati ikabandikwa karatasi nyekundu, na Guangyuan Xilu ikawa barabara pana ambayo sijawahi kuijua. Shangazi alikuwa ameshasafirisha mzigo na kurudi Dar. Tikiti yangu ya Uskoti ilikuwa ya keshokutwa, na tasnifu ilitakiwa kufika ikiwa na huo wimbo au bila huo. Nikaenda kuaga.

Mwalimu alikuwa mezani karibu na dirisha, koti lake mabegani, kwa mara ya kwanza hali ya hewa ikikubaliana nalo. Hakunijua jina, lakini alinisogezea kiti. Nilimsalimia kwa Kigaeli naye akajibu vizuri kabisa. Lugha nyingine zote zilikuwa zimeondoka, hii imebaki peke yake nyumbani. Nikaweka kinasa sauti juu ya meza, nikakiwasha, kwa mazoea zaidi kuliko kwa matumaini.

Ayi alileta taulo alilolichovya kwenye maji ya moto ili amfute uso. Mwalimu alilichukua mkononi mwake, akalipima uzito. Akalitandaza juu ya meza. Akalipiga. Maji yaliruka, Ayi akataka kulichukua, nami nikamshika mkono nikamwomba amwache. Alilipiga tena, akalisukuma kushoto, kwa mkewe. Ayi akalitazama, halafu, sijui kwa akili gani, akalipiga naye na kunisukumia mimi. Likazunguka hivyo. Na lilipomrudia, Mwalimu akaanza kuimba.

Ulikuwa ule. Hakusimama, hakumtaja mtu, aliimba tu. Bibi harusi akawataja waliokuja, nyumba kwa nyumba, na mimi nikapokea kiitikio kwa sababu viitikio vya nyimbo zile nimevisoma mpaka naota, na Ayi hakuwa na maneno lakini mikono yake haikukosea hata pigo moja. Wimbo ni mrefu. Taa ndogo nyekundu ya kinasa sauti ilikuwa inawaka, nami naiona, naomba Mungu betri zisiniangushe. Akafika kwa yule ambaye hakuja, sauti yake ikashuka, na ukaisha. Meza ilikuwa imelowa, na Ayi alikuwa anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja.

Nilijua lililobaki. Ilikuwa neno moja tu, na Mwalimu akilini mwake sasa yuko kisiwani, ni mtoto tena, pengine mwanamke yule yumo humu humu chumbani kwake. Nikamsogelea.

"Mwalimu, wimbo huu nani alikupa?"

Alinitazama kama nimeuliza swali la kitoto.

"Si wewe?" alisema. "Ulikaa hapo hapo."

Nilimwambia si mimi. Nilimweleza kuhusu mkono wenye alama ya moto, mbwa wa sikio moja, mkate na sukari. Aliyasikiliza yote kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za kijiji kingine. Ni mimi tu niliyemsemesha lugha ile, basi kwake kila kilichokuwemo ndani ya lugha hiyo kilikuwa kimetoka kwangu. Akanishika mkono kwa mkono wake uliolowa, na macho yake yakawa makali kama ya darasani.

"Na wewe," akauliza, "ulipewa na nani?"

Nilitafuta. Naapa nilitafuta, kama vile kweli lilikuwepo jina mahali fulani na mimi ndiye niliyelisahau. Ustadhi wangu mwenyewe asingesubiri vile alivyosubiri yule mzee. Nikasema sijui.

Hakunikemea. Alinionea huruma, ilionekana usoni pake.

"Basi usiuimbe," alisema, "mpaka umkumbuke."

Nikamjibu kwamba nimesikia. Ayi akaniuliza amesema nini, nikamwambia amesema ahsante, nikazima kinasa sauti. Tasnifu niliipeleka pungufu ya sura moja, ile ya wimbo huo, nikafaulu kwa shida, na msimamizi wangu hajanielewa mpaka leo. Kanda ninayo. Ubeti wa kwanza hunijia nikiwa jikoni peke yangu, mikono imo ndani ya maji, na nikifika kwenye kiitikio nanyamaza.